Bosi anataka kujua nani aliandika nini

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisitiri jina langu na la kampuni. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, afisa rasilimali watu katika kampuni ya usambazaji wa bidhaa za jumla hapa Mbeya mjini. Hatufiki arobaini: madereva na utingo wao, maafisa mauzo, watu wa stoo, wahasibu na mimi. Sabuni, sukari, mafuta ya kula na viberiti vinatoka kwetu kwenda Chunya, Kyela, Tunduma mpaka Makete.

Mwanzoni mwa mwaka Mkurugenzi alirudi kutoka semina Dar es Salaam na wimbo mmoja tu: wafanyakazi wawe na moyo na kampuni. Akanipa kazi ya kuanzisha mpango. Nikafanya kila nililojua. Tukachapisha tisheti zenye nembo. Tukaanzisha chai ya Ijumaa huko juu ghorofani, chapati na supu. Tukafanya bonanza, stoo wakawafunga maafisa mauzo, tukacheka sana siku ile. Jumatatu kila mtu akarudi na uso wake wa siku zote.

Nikaona nisiendelee kubahatisha, niwaulize wenyewe. Nikagawa karatasi za maswali, juu kabisa nikaandika kwa herufi nzito: USIANDIKE JINA. Nikaweka sanduku la mbao lenye kufuli pembeni ya ngazi, funguo nikabaki nazo mimi. Karibu wote walirudisha.

Shangazi, watu waliandika. Wengi wanalia na kundi letu la WhatsApp. Bosi anatuma mauzo ya siku saa nne usiku, anataka maelezo pale pale, na asiyejibu anaulizwa asubuhi mbele ya wenzake. Madereva wanasema wanageuza kutoka Kyela jioni, wanapita milimani Isyonje ukungu umetanda, wanaingia mjini usiku, na saa kumi na mbili asubuhi wanatakiwa getini kupakia. Stoo kukitokea upungufu, hasara inagawanywa kwa wote waliopo, mwisho wa mwezi kila mtu anakatwa. Kuna aliyeandika kwamba likizo ya mwaka juzi bado hajaenda.

Na kuna mmoja aliandika hivi: "MWAKA WA NNE HUU NIPO HAPA. MKURUGENZI ANANIITA WEWE WA STOO. TISHETI NIMEMPA MDOGO WANGU."

Nilifanya kosa la kuinukuu kama ilivyo kwenye muhtasari niliompelekea Bosi. Yale ya makato na madereva akayapita. Kwa hiyo ya tisheti akasimama. "Huyu ni nani?" Nikamwambia hazina majina. Akasema, "Niletee karatasi zenyewe Jumatatu, miandiko ya watu wangu naijua." Nilipojaribu kueleza akanikata: "Wewe unalipwa na kampuni, hulipwi na stoo."

Ukweli ni kwamba hata mimi namjua. Stoo kuna kijana mmoja anayeandika kila kitu kwa herufi kubwa, hata daftari la kupokea mzigo. Mke wake amejifungua juzi juzi.

Sasa habari zimeshavuja kwamba Bosi anamtafuta mtu. Nikiingia chumba cha chakula maongezi yanakatika, siku hizi chakula nakula mezani kwangu peke yangu. Usiku silali, simu ikitetemeka moyo unaenda mbio. Nina mkopo, mtoto anaanza darasa la kwanza. Nimpe karatasi? Niseme zimepotea? Nizichane? Nisaidie, Shangazi.

Mwenye funguo za sanduku, Mbeya

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Usimpe. Usiseme zimepotea. Na usizichane, angalau kwa sasa.

Nianze na hizo mbili za mwisho kwa sababu ndizo zinazovutia mtu akiwa amebanwa. Ukisema zimepotea, hatakuamini, na kuanzia hapo shida haitakuwa kijana wa stoo tena, utakuwa wewe mwongo. Ukizichana baada ya mkuu wako kuziagiza, unampa sababu ya kukuandikia barua ya nidhamu, tena sababu iliyonyooka. Zifungie. Kataa ukiwa umesimama wima, kwa mdomo wako, na kabla ya Jumatatu.

Kuhusu kumpa, uliandika mwenyewe kwa herufi nzito wasiweke majina. Hiyo ilikuwa ahadi ya kampuni, wewe ulikuwa mkono tu ulioiandika. Na nchi hii sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Msingi wake mmoja ni kwamba taarifa za mtu zilizokusanywa kwa lengo moja zisigeuzwe kutumika kwa lengo lingine. Mwandiko unaomtambulisha mtu unatosha kuwa taarifa zake, hata jina lisipokuwepo. Watu wako walitoa maoni ili kazi iboreke, hawakutoa ili watafutwe.

Lakini usiingie kwa mzee na sheria mkononi. Ukianza na kifungu, atasikia polisi, na mazungumzo yatakufa hapo hapo. Watu wa aina hii mimi nawafahamu. Wengi wa wenye kampuni za jumla Mbeya walianza na meza au kibanda sokoni Mwanjelwa, wengine walikuwepo soko lilipoungua mwaka 2006, wakaanza upya na mikono mitupu. Walikuwa wanamjua kila mpakiaji kwa jina na kwa mama yake. Kampuni ikakua, wao hawakuona siku walipoacha kuwajua watu. Kwa hiyo mtu akiandika "ananiita wewe wa stoo", mzee hasikii malalamiko, anasikia ametukanwa. Ndiyo maana alipita makato na madereva akasimama pale. Pale ndipo pamemuuma. Nikuambie, hiyo ni dalili nzuri kuliko unavyodhani. Asiyejali asingesimama.

Mfuate Jumamosi mchana magari yakishatoka, mlango ukiwa umefungwa. Usimpelekee ujumbe wa simu. Mwambie kwa maneno yako, ila kiini kiwe hiki: "Mzee, nikikupa karatasi hizi utampata mtu mmoja, halafu hutapata tena karatasi ya kweli kutoka kwa yeyote. Mwaka ujao wote wataandika kila kitu ni kizuri, na wewe utakuwa umelipia semina, tisheti na chapati ili upate uongo. Huyu aliyeandika hakuchukii. Anataka umjue." Halafu nyamaza. Usijaze ule ukimya kwa kujitetea. Akiuliza tena ni nani, mwambie umeahidi kutosema, kama ambavyo ungemficha yeye kama angekuwa ndiye aliyeandika.

Akikazania, mwombe kwa heshima akupe maelekezo hayo kwa maandishi, na umjibu kwa maandishi mafupi kwa nini unaona si sahihi. Nakala baki nayo. Watu wengi hupoa wanapotakiwa kuandika kile walichokuwa wanakisema. Akifika mahali pa kukuachisha kazi kwa hilo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki, na wewe una siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sikutumi vitani. Nakutajia ili usiingie ofisini kwake ukiamini huna pa kukimbilia, maana hofu ya namna hiyo huwa inaonekana usoni na inamfanya mtu atii asichokiamini.

Sasa nataka nikuulize swali ambalo barua yako haikuligusa. Wangapi waliandika "hakuna maoni", au waliweka tiki safi safi kwenye "nimeridhika"? Rudi uzihesabu hizo. Mimi katika maofisi niliyopitia nimejifunza kutoogopa sana karatasi yenye hasira. Aliyeandika kwa hasira bado anadhani kuna mtu atasoma. Anayeandika "hakuna" huku unajua fika anakatwa mshahara kwa upungufu asioujua, huyo ameshaondoka kichwani, mwili tu ndio unasaini asubuhi. Kijana wako wa herufi kubwa, na tisheti yake aliyoigawa, ni mmoja wa watu wako walio hai zaidi.

Kuna mtafiti wa Marekani, William Kahn, ambaye mwaka 1990 alichapisha utafiti uliokuja kuwa msingi wa mazungumzo yote haya ya moyo wa kazi. Aliwachunguza walezi wa kambi ya vijana ya likizo na wafanyakazi wa kampuni ya wasanifu majengo, akitafuta ni wakati gani mtu anaiweka nafsi yake kazini na ni wakati gani anaificha. Alikuta mambo matatu. Mtu aone kazi yake ina maana. Ajisikie salama, yaani akijionyesha alivyo hatageuziwa. Na awe na nguvu zilizobaki za kuitolea hiyo kazi. Sasa chukua watu wako. Wa stoo aliyefika mwaka wa nne bila kuitwa jina, maana ataitoa wapi? Ofisi nzima inayojua Bosi anawinda mwandiko, usalama uko wapi? Dereva aliyepita Isyonje usiku kwenye ukungu na alfajiri yuko getini, nguvu zipi? Tisheti haigusi hata moja katika hayo. Silaumu tisheti wala bonanza, watu walicheka na kucheka ni kuzuri. Ila vilikuja kabla ya zamu yake.

Kwa hiyo zile karatasi tatu nne alizopita mzee ndizo za kurudi nazo, na hapa sheria itakufaa, maana baadhi ya mambo hayo si suala la moyo hata kidogo. Ni suala la kampuni kujiweka pabaya.

Baya kuliko yote ni makato. Sheria ya 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara kiholela. Kwa hasara iliyotokea kazini, ni lazima iwe imetokana na kosa la huyo huyo anayekatwa, aelezwe kwa maandishi chanzo chake, kiasi na jinsi kilivyopigiwa hesabu, apewe nafasi ya kupinga, awe amekubali kwa maandishi, na jumla isizidi robo ya mshahara wake. Kuchukua upungufu wa katoni za sabuni na kuugawa sawa kwa kila aliyekuwa stoo siku hiyo hakupiti hata kwenye sharti la kwanza. Tena kunawafundisha watu jambo baya: aliye makini na mzembe wanakatwa sawa, makini ni ya nini? Na kama kuna mwizi, mmemtafutia wenzake wa kumchangia.

Madereva. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na kati ya kumaliza kazi na kuanza tena mtu apate angalau saa 12 za mapumziko mfululizo. Upo mwanya wa kupunguza, lakini una masharti yake na unataka makubaliano ya maandishi. Aliyeingia saa nne usiku kutoka Kyela asionekane getini kabla ya saa nne asubuhi. Mzee atasema mzigo utachelewa. Ni kweli, utachelewa. Basi wapakiaji wapakie bila dereva, au safari ya Kyela ianze mapema zaidi, au madereva wapokezane. Hilo wanalijua madereva wenyewe kuliko mimi na wewe, waulizwe. Mwenye gari la tani kadhaa, njia ile ya milima na usingizi machoni, hapotezi moyo wa kazi tu.

Likizo ni siku 28 kwa mwaka, na inatakiwa ichukuliwe ndani ya miezi sita baada ya mwaka wake wa likizo kuisha, au kumi na miwili ikiwa mfanyakazi amekubali na kazi kweli ilidai hivyo. Ya mwaka juzi imeshapita mipaka. Andaa orodha ya nani anadai ngapi, hiyo haina siri ya mtu na ni kazi yako halali.

Ila usimbebeshe mzee yote kwa mkupuo. Akiona orodha ndefu atarudi kwenye lile lililomuuma. Mpe moja ya kuanzia, isiyogharimu shilingi, na ambayo ataitangaza yeye mwenyewe: kundi la WhatsApp lifungwe saa kumi na mbili jioni, mauzo yajadiliwe asubuhi, na asiulizwe mtu mbele ya kadamnasi. Akikuambia biashara haina saa, mwambie hivi: Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2021 walionyesha kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, ukimlinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40. Na anayetuma meseji saa nne usiku yumo humo humo. Mwambie kama binti anayemjali, maana nadhani unamjali.

La pili liwe makato, na hilo usichelewe nalo. Mwezi usiishe.

Chai ya Ijumaa usiifute, ihamishe. Isiwe juu, iwe chini stoo, mzee ashuke akae kwenye kreti kama wengine. Asihutubie. Na asimtafute mwandishi kwa macho, hilo mwonye kabisa. Awaulize majina, wanakoishi, watoto. Mara ya kwanza watakaa kimya kama wamemwagiwa maji. Ashuke tena Ijumaa inayofuata.

Kwako sasa. Muhtasari mwingine ukiandika, usinukuu neno kwa neno, na usiandike "mtu wa stoo" wakati stoo wako wachache. Kundi likiwa chini ya watu watano, lichanganye na lingine. Yale ya kumtambulisha mtu yaondoe kabla hayajatoka mezani kwako. Mzee akishakubali kuziacha zile karatasi, ziharibiwe kwa idhini yake, na uwaambie watu kwamba zimeharibiwa. Hapo ndipo uwaambie, si kabla, maana ukiwatuliza leo halafu Jumatatu mambo yakageuka, hawatakusikiliza tena. Kwa sasa waambie neno moja tu la kweli: karatasi ninazo mimi na sijampa mtu. Lile jina unalolijua usilitamke kwa yeyote, hata shoga yako wa uhasibu. Hasa huyo.

Na kula nao. Ingia na sahani yako, maongezi yakatike, kaa, kula, ondoka. Ukiendelea kula peke yako mezani, wanachoona wao ni mtu aliyehamia upande wa Bosi.

Moyo kwenda mbio simu ikitetemeka na kutolala, hilo usiliache liwe la kawaida. Simu ilale sebuleni. Kapime presha wiki hii, na daktari umweleze na kazi, si mapigo ya moyo tu, maana watu tunapenda kumwambia daktari nusu. Tafuta pia mwenzako wa fani hii kutoka kampuni nyingine, Iringa, Njombe, popote, ambaye unaweza kumpigia bila kutaja majina. Kazi yako ni kusikiliza shida za watu karibu arobaini, na sijaona kwenye barua mahali palipoandikwa nani anasikiliza zako. Hukuniambia pia wewe mwenyewe likizo ya mwisho ulienda lini. Nahisi jibu nalijua, kwa hiyo jina lako liwe la kwanza kwenye ile orodha.

Ukishaongea naye niandikie. La karatasi naona atalegeza. Alichojibu kuhusu makato ndicho ninachotaka kukisikia.

Shangazi yako